Seleri Ishirini na Tatu za Shangazi Amoit

Kama wewe ni mtu wa Adungosi na unasoma hii, tafadhali tukikutana njiani jifanye hunijui, maana nusu ya akina mama wa kanisa letu walikuwepo na ile nusu nyingine imeshasimuliwa. Ndiyo, ni mimi niliyeharibu bustani ya shangazi yangu, halafu mbele ya wageni nikamsingizia mnyama.

Nianze na shangazi mwenyewe, kwa sababu usipomjua hutaelewa kwa nini nikikumbuka masikio yangu yanawaka moto. Shangazi Amoit ni dada ya baba, anaishi peke yake si mbali na soko, na nyuma ya jikoni yake hapandi tu sukuma na kunde kama watu wote, anapanda seleri, ile mboga ya kizungu ya mashina marefu yenye harufu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi (ukipiga chafya umepoteza msimu), zinakaa karibu wiki tatu ndio ziote, na zikishaota hazivumilii kiu hata ya siku moja. Asubuhi na jioni shangazi anabeba maji kutoka kisimani, anamwagilia kwa mkebe aliotoboa matundu kwa msumari, polepole, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Mashina yakianza kunenepa anayafunga kwa maganda makavu ya mgomba yasipigwe na jua, ili yawe meupe na laini. Mimi nikitazama ile mistari yake iliyonyooka najisikia kama niko mbele ya kitu kikubwa. Majirani hawakuona hivyo. Mama Ekisa, jirani yake anayeongoza kwaya, kila akipita anapaza sauti: "Amoit, hayo magugu yako yanaendeleaje? Mbuzi wangu anauliza."

Shangazi anacheka tu na kuendelea kumwagilia.

Sasa likizo fupi ya muhula huu nilipoenda kumtembelea nikakuta ana jambo kubwa. Mpishi wa hoteli moja ya Malaba, ile inayolaza madereva wa malori wakingoja karatasi zao za kuvuka mpaka, alikuwa amechoka kuletewa seleri kutoka mbali ikifika imelegea kama kamba ya viatu. Alisema Jumamosi atakuja ajionee, na akiridhika atakuwa anachukua kila wiki. Shangazi akaalika na akina mama wa kanisa wakiongozwa na huyo huyo Mama Ekisa. Hakusema, lakini nilimwelewa: baada ya miezi mitano ya kubeba maji akiitwa mwendawazimu, alitaka waone kwa macho yao.

Ijumaa akaenda Malaba kuhakikisha mpishi hajasahau. Aliniambia neno moja tu, "Mwagilia."

Nikamwagilia. Halafu nikachungulia ndani ya yale maganda, nikaona katikati ya kila mmea kuna vishina vidogo vya rangi ya maziwa vimebanana. Kwetu, mboga kama kunde na saga, yaani mgagani, zikifika urefu fulani unazikata kichwa ili zitoe matawi. Mama ametufundisha hivyo tangu tukiwa wadogo, na shamba ambalo halijakatwa vichwa watu wanasema mwenyewe ni mvivu. Nikajiambia masikini shangazi, kazi imemzidi, amesahau kukata na wageni wanakuja kesho. Ningeweza kungoja arudi nimuulize, lakini kuuliza ni kuongea, na mimi ni mtu ambaye akipewa chai bila sukari anakunywa hivyo hivyo. Nikachukua kisu. Mimea ishirini na mitatu, vichwa ishirini na vitatu, nikaviweka kwenye beseni la maji chini ya meza nikifikiri vitaingia kwa maharagwe. Nilijipongeza hata, jamani.

Shangazi alirudi anaimba. "Anakuja! Na unajua anapenda nini zaidi? Kile kiini cha katikati. Ndio maana mimi navuna mashina ya nje tu, moja moja, ya ndani yanabaki kuleta mengine. Ukigusa kiini umemaliza mmea."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikasema, "Mm."

Basi! "Mm" yangu ndiyo iliyonimaliza. Mtu mwenye akili angelia hapo hapo. Mimi asubuhi, shangazi akiwa amezama kwenye chapati za wageni, nikaenda bustanini na beseni langu na kurudisha kila kiini katikati ya mmea wake (au wa jirani yake, nilishachanganya), nikakaza maganda ya mgomba kwa nguvu. Ukiangalia kutoka mbali, maridadi kabisa.

Mpishi akafika na bodaboda. Aliitwa Wasswa, Mganda mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na akina mama kama kumi walikuwa wameshajipanga kando ya matuta na leso zao za Jumapili. Shangazi akawazungusha, akaeleza maji, akaeleza mbolea ya mbuzi, sauti yake imetulia, na hata Mama Ekisa akaacha kutafuna chapati akasikiliza. Halafu nikasikia, "Huyu mtoto wa kaka yangu amesoma, atawaeleza vile tunavuna."

Watu wote wakanigeukia. Nikajifanya nakaza ganda moja la mgomba. Bwana Wasswa, nadhani kwa kunihurumia, akainama afungue mmoja mwenyewe, akashika kiini kwa vidole viwili anuse, na kiini kikamfuata juu.

Akakiangalia. "Nyabo," akamwambia shangazi kwa heshima ya Kiganda, "hii imejitoa yenyewe."

Akashika cha pili, nacho kikatoka. Cha tatu kilianguka kabla hajakigusa. Mama Ekisa akapiga makofi: "Haki Amoit! Kumbe unachomeka tu, kama maua ya kaburi!" Akina mama wakacheka mpaka mmoja akamshika mwenzake asianguke, na shangazi yangu akabaki anaangalia tuta lake kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba umevunjwa.

Na mimi, kwa kutaka kusaidia tena (kwa nini mimi hutaka kusaidia?), nikasema, "Ni fuko. Fuko ndiye amekula usiku."

Mama Ekisa akaokota kiini kimoja, akageuza pale kilipokatwa, pamenyooka kabisa. "Fuko wa hapa ana kisu?"

Kicheko cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, kwa sababu sasa kuna aliyesema shangazi alinunua mboga sokoni akazipanda jana ili adanganye mgeni. Bwana Wasswa akaanza kujipangusa mikono. Nikaona anaenda. Nikaona ile miezi mitano inapanda bodaboda na kwenda zake.

"NI MIMI!" Sikujua nina sauti kama hiyo, kuku walikimbia. "Nilikata mimi jana, nilifikiri ni kama kunde, shangazi hajui kitu, nilizichomeka asubuhi kabla hamjafika!" Halafu nikalia, makamasi na kila kitu, mbele ya kwaya nzima.

Shangazi akainama, akavuta mmea mmoja na mizizi yake yote na udongo ukidondoka, akampa Mama Ekisa ashike. "Hii nayo nilichomeka jana?" Kisha akakusanya viini, akavisuuza kwenye ndoo na kummegea kila mmoja kipande aonje. Akashika shina la nje karibu na chini, akalisukuma kando, likalia "kwa!" na kutoka safi. "Hivi ndivyo tunavuna," akasema, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Bwana Wasswa alitafuna macho yakiwa yamefungwa. "Nyabo, hii ni tamu. Kila wiki utaweza?"

Angeweza kusema ndiyo. Wote tulitaka aseme ndiyo. "Hapana," shangazi akamjibu. "Leo chukua hivi viini vilivyobaki. Mashina ya nje yatatosha wiki mbili. Baada ya hapo sina, mpaka nipande upya."

"Nikungoje miezi mingapi?"

"Mitano."

Mpishi akafikiri, akasema atachukua ya wiki mbili, na baada ya hiyo miezi atapita tena aone. Hakuahidi zaidi ya hapo. Mama Ekisa aliondoka na mmea wake mkononi, akiuliza kwa sauti ya chini kama mbegu zilibaki.

Jioni nilimuuliza shangazi kwa nini hajanichapa. Akasema amechoka, na kisima hakijasogea karibu, nibebe ndoo.

Nimebeba likizo yote. Na nimeapa, nikiona kitu cha mtu ambacho sikielewi, nitafungua huu mdomo niulize, hata nikitetemeka. Kumuuliza shangazi kungenichukua muda wa kumeza mate. Kunyamaza kumemchukua miezi mitano.