Kilima cha Kalama Juu ya Kochi

Niliondoka Athi River kwa sababu ya moyo wangu. Nilikuwa nikishona suruali za kwenda ng'ambo katika kiwanda kimoja cha EPZ, na kila msimamizi aliposimama nyuma ya kiti changu, moyo ulienda mbio, pumzi ikanikata, mikono ikatetemeka hadi mshono ukaenda upogo. Daktari alisema ni wasiwasi, si ugonjwa wa moyo. Kazini nikapewa wiki moja ya likizo, nikaambiwa nikirudi vile vile, kiti kitapewa mwingine. Na pale getini watu wa kukichukua walikuwa wakingoja kila asubuhi.

Jumamosi asubuhi nikawa mjini Machakos, njiani kwenda Kalama kwa mama mdogo, dada yake mama yangu. Aliniagiza nyuzi nyekundu na za manjano za kudarizi maua kwenye vitambaa vya kochi. Vitambaa hivyo mnavijua: kwetu Ukambani mgeni hakalishwi kwenye kochi tupu. Lakini mle dukani rangi kali zikanizungusha kichwa, na ile hofu ikanishika mbele ya watu. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, akanisogezea kiti. "Kaa, binti. Hakuna anayekufukuza." Nikachagua kahawia, kijivu na kijani kilichofifia, rangi zisizonipigia kelele, nikalipa, nikatoka.

Adhuhuri, Kalama. Mama mdogo akafungua karatasi ya nyuzi.

"Ai! Nilikutuma nyuzi ya maua. Hii ni rangi ya mchanga!"

"Basi nitashona mchanga," nikamjibu kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kukosolewa.

Nikakaa mlangoni na kitambaa cheupe, nikitazama kilima kilicho mbele ya nyumba. Kahawia ikawa matuta ya mashamba, kijivu ikawa mawe, kijani ikawa mahindi. Nilishona tuta moja, nikapanda la juu yake. Jua likielekea kuzama nikagundua nimepumua mchana kutwa kama watu wengine. Haki, nilifurahi karibu nilie. Nikashona hivyo wiki nzima.

Jumapili, baada ya kanisa, walikuja kunywa chai kina mama wa mwethya, kikundi kinachochimba matuta kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Kitambaa kilikuwa kochini tayari. Wakakiinamia.

"Hapa ni kwa Mueni! Na hii ni ile jiwe ya Kasyoka!"

Mama Mutua, jirani wa karibu kabisa, akatafuta, akatafuta tena. "Na yangu iko wapi? Mimi nimechimba hiyo matuta na hii mgongo, wewe umeniwekea kichaka!"

Ilikuwa kweli. Wote wakanigeukia, wakasimama nyuma ya kiti changu, na moyo ukaanza mbio zake. Kesho yake nilitakiwa kazini. Nikajiambia, kama siwezi hapa mbele ya majirani, kule sitaweza kabisa. Nikakitoa kitambaa kochini, nikachukua mkasi, nikafumua kile kichaka, nikaanza kushona matuta yake. Mikono ilitetemeka, nikaiacha itetemeke.

"Polepole," mama mdogo akasema. "Hiyo kilima haiendi mahali."

Nilipomaliza tuta la mwisho, hofu ilikuwa imeondoka yenyewe, nami sikuwa nimeinuka. Mama Mutua akapitisha kidole juu ya shamba lake. "Sasa hiyo ni yangu," akasema, akapiga kigelegele, akakirudisha kitambaa kochini. Mchungaji akaingia wakati huohuo, akageuka akitaka kukaa kochini. Kina mama wakapaza sauti:

"Pasta, simama! Unakalia shamba zetu!"

Maskini, alinywea chai yake kwenye kigoda. Mimi nilijivuna, siwafichi. Nilijivuna hadi nikashindwa kumeza mkate.

Jumatatu, Athi River. Kabla ya saa nne msimamizi alisimama nyuma yangu, na moyo ukaanza. Kwa hivyo nisiwadanganye kwamba kudarizi kilima kumeifukuza hofu. Nilichojifunza Kalama ni kwamba inaweza kuja na kuondoka nami nikiwa bado nashona.

Msimamizi akanirudishia suruali. "Fumua hapa."

Nikafumua, nikashona upya taratibu, nikampa. Akaukagua mshono, akaiweka pamoja na zilizopita, akaenda kwa jirani yangu. Nikavuta suruali nyingine.