Neti Mbele ya Rejeta

Mimi ni mwoga wa joto. Nimetengeneza friji Musoma mjini kwa miaka mingi, na nyingi zilizonishinda ziliuawa na kitu kimoja: vumbi la nyuma, kule ambako mwenye nyumba haangalii. Kwa hiyo siku niliponunua gari la spoti, mtumba wa milango miwili, fupi kiasi kwamba kuku angeweza kunitazama usoni nikiwa kwenye usukani, sikukimbilia kufungua boneti kama wenzangu. Nilipiga magoti mbele yake nikachungulia rejeta.

Gari lile halikutengenezwa kwa ajili ya Mara. Mdomo wake uko chini ya bampa, unakaribia kugusa lami, na kila takataka ya barabarani inaingia humo. Mjini kuna usubi wa ziwani, ambao siku zake zikifika unajaa hewani hadi watu wanatembea wamefunga midomo. Kuelekea Bunda kuna pamba inayodondoka kwenye malori wakati wa mavuno. Usubi ukikutana na pamba kwenye vile vibati vyembamba vya rejeta, vinashikana kama uji uliogandia sufuria. Hewa haipiti tena, maji yanachemka, na injini inakwenda na maji. Rafiki zangu walinicheka kwamba nimenunua gari la kukimbia halafu naliendesha kama nimebeba trei za mayai. Waliona mshale wa mwendo tu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto.

Kila Jumamosi nilikwenda Butiama kwa mama, na kazi ya kwanza baada ya salamu ilikuwa kulala chali uani na kusafisha. Nilitumia mswaki wa zamani na lile bomba la mgongoni ambalo marehemu baba alilitumia kupulizia dawa ya pamba. Nililisuuza vizuri nikalijaza maji safi. Unapuliza polepole, kutoka upande wa injini kuja nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukipuliza kutoka mbele unaushindilia ndani. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda akinitazama kwa huruma.

"Baba, wewe utapofuka," aliniambia Jumamosi moja. Mama zetu wanatuita hivyo, baba, hata tukiwa tumekosea. "Huyu mdudu unamchomoaga mmoja mmoja mpaka lini?"

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo bei ya kutembelea kitu kizuri. Nikanawa, nikaingia ndani kula. Yeye alibaki nje muda kidogo, nami sikuwaza kitu.

Ijumaa iliyofuata, jioni, simu ikatoka Ukerewe. Mama mdogo, mdogo wake mama wa pekee, alikuwa amefariki. Walizaliwa wawili tu. Mmoja aliolewa Butiama, mwingine kisiwani, na kwa miaka miwili walikuwa wameonana kwa simu za wajukuu. Wafiwa walisema mwili hauwezi kukaa sana, watazika kesho saa nane. Mama aliniambia jambo moja tu kwenye simu: "Nataka nimwone uso kabla hawajafunika."

Alfajiri ya Jumamosi nilitoka Musoma. Wiki nzima usubi ulikuwa umejaa mjini, nami nilijua kabisa kwamba kabla ya safari ya namna ile ningepaswa kupiga magoti nichungulie. Sikupiga magoti. Nilijiambia nilisafisha Jumamosi iliyopita tu, nikifika Butiama nitaangalia. Butiama nikamkuta mama amesimama barabarani na kibegi chake, ameshajifunga kitenge cha msiba. Nikamfungulia mlango tukaondoka. Kilichotakiwa kilikuwa kuwahi kivuko cha mchana pale Kisorya. Tukikikosa hicho, kinachofuata kingetufikisha kaburi likiwa limefunikwa.

Tulipita Kiabakari vizuri. Mbele yetu yakajipanga malori ya pamba yanayokwenda Bunda, na pamba ikawa inaruka juu ya boneti. Mama akasema inapendeza. Nikatazama mshale. Ulikuwa umeacha mahali pake pa kila siku.

Nilizima redio, kana kwamba redio ndiyo inayochemsha maji. Nikapunguza mwendo. Mshale ukapanda. Nikafungulia hita ili joto litoke injini lije kwetu, na mama akaanza kujipepea kwa kanga bila kuuliza. Mbele kuna mlima mdogo, nikawa nauomba ule mlima kimoyomoyo uwe mfupi. Haukuwa mfupi. Katikati yake mshale ukagusa nyekundu, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, nikaingiza gari kwenye majani na kuzima.

Nilivuta kitasa cha boneti, nikashuka kutafuta maji nyuma. Niliporudi mbele na kidumu, mama alikuwa ameshainua boneti, amekunja ncha ya kitenge mkononi, na mkono wake uko juu ya mfuniko wa rejeta. Alitaka kuufungua kama anavyofunua sufuria ya maharage, ili mvuke utoke. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mama yangu. Niliukamata ule mkono nikausukuma hadi akapepesuka. Mfuniko ule ungefunguka, yale maji yangemrukia usoni na kumbambua. Nikamketisha kwenye jiwe la kando ya barabara.

"Basi," alisema, "sikujua."

Sasa ikabidi kusubiri lipoe. Nilipungia mkono mabasi mawili, yakapita yamejaa. Likasimama gari la mizigo lenye nafasi ya mtu mmoja, nikamwambia mama atangulie. Akakataa. Alisema hawezi kwenda kumzika mdogo wake peke yake kama mtu asiyezaa. Nikatazama saa, nikatazama mfuniko, nikatazama saa. Hapo ndipo nilipopiga magoti.

Mdomo wa gari ulikuwa umeziba wote. Niliingiza vidole nikashika kitu laini. Kilikuwa kipande cha neti ya mbu, ya buluu, kimekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi wa gunia kwenye pembe zote. Usubi wa wiki nzima ulikuwa umekwama humo ukawa tope jeusi, na juu yake pamba ya asubuhi ile imelala kama godoro. Sikuhitaji kuuliza ni mkono wa nani uliotaka kunipunguzia wadudu. Mama anatumia neti kwa kila kitu: kitalu cha kabichi, vifaranga, dagaa wa kuanika. Fundo lake la uzi wa gunia, la kuzungusha mara mbili na kumeza ncha, nalijua tangu utotoni.

Nikatazama nyuma. Alikuwa ameketi, ananitazama.

"Ni nini, baba?"

"Pamba," nikasema. Nikaikunja ile neti, nikaisokomeza mfukoni, nikaweka maji, tukaondoka.

Kisorya tulifika kivuko kikiwa katikati ya maji, watu waliomo tunawaona. Tulipovuka na kile kingine tukakuta udongo mbichi na maua juu yake. Mama alisimama pale kaburini akiwa mkavu wa macho. Wanawake wa ukoo walimtazama, wakanong'ona. Hakulia siku ile, hakulia matanga yote, na mimi nilikuwa nalala karibu na suruali yangu nikiogopa mtu asije akaifua.

Hofu ya mshale huisha ukifika. Hii haikuisha. Kila Jumamosi nilikwenda Butiama roho juu. Nililala chini ya gari na mswaki wangu, nikisikiliza hatua zake, nikingoja aulize neti yake iko wapi. Nilitunga majibu: imekatika, imeibwa, imeliwa na panya. Hakuuliza. Aliniletea chai, akakaa kwenye kigoda chake. Ila aliacha kunitania kuhusu wadudu, na alianza kunishukuru kwa vitu vidogo, kwa sukari, kwa sabuni, kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikawa naogopa zaidi. Nilijiambia ni msiba, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Miezi minne baadaye wakatuita Ukerewe kuweka msalaba wa saruji. Mavuno yalikuwa yameisha, lakini pamba ya malori ilikuwa bado imenasa kwenye majani ya kando ya barabara. Safari hii nilipiga magoti mara tatu kabla ya kuondoka. Mama alisimama kando akinitazama, begi mkononi. Tukapita Kiabakari, na mshale ulikuwa umetulia mahali pake. Tulipoanza kupanda ule mlima akanigusa bega.

"Simama hapa."

Nikasimama. Nilidhani anaumwa. Alishuka, akalitafuta lile jiwe lake, akaketi.

"Ile neti uliitupaga wapi?"

Nikamwambia iko nyumbani, chini ya kabati la vifaa.

"Niliiona siku ile ile. Rangi yake ilikuwa inachungulia mfukoni kwako njia nzima mpaka Kisorya." Aliongea akitazama barabara. "Nikasema atanigombeza tukifika. Hukunigombeza. Nikasema atanigombeza tukirudi. Nikawa naogopa kila Jumamosi ukija. Nilipika huku nangoja. Ungenigombeza tu, baba, ningelia, ingeisha."

Nilisema sikuiangalia rejeta asubuhi ile, kwamba kosa ni langu, mimi ndiye fundi. Akatikisa kichwa. Hakuwa anataka hilo. Alikuwa ameinua uso kwangu, anasubiri, na nikaelewa kwamba nimemnyima kitu kwa miezi minne nikidhani namhurumia.

Nikaja nikasimama mbele yake.

"Mama," nikasema, "kwa nini uliweka neti kwenye gari la watu bila kuuliza? Umeona sasa? Umeona ulichofanya? Umemkosa mdogo wako."

Akavuta kitenge usoni, na hapo hapo, kwenye jiwe la kando ya barabara, mama yangu akaanza kumlilia mdogo wake.