Samli Niliyoifuta

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilialikwa Nairobi kunywa chai kwa desturi ya Kijapani. Tulipiga magoti mkekani, tukafundishwa: kitu kitamu huliwa kwanza, bakuli hupokewa kwa mikono miwili na kugeuzwa mara mbili ili usinywee upande wake mzuri, na ukimaliza unafuta ukingo kwa vidole. Chai yenyewe ilikuwa ya kijani, nzito, chungu kama mwarobaini. Nikaimaliza bila kukunja uso. Mwenyeji akaniinamia, akanisifu kwamba nina adabu sana. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Maana adabu hiyo sikuwa nayo kijijini kwetu Minjila, nilipokuwa na miaka kumi na minne. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiorma, na kati ya boma lake na shamba letu la mpunga palikuwa na njia ya ng'ombe tu. Asubuhi alituletea maziwa yenye harufu ya moshi, na bibi yangu alimrudishia kibuyu kikiwa na mchele. Nilipopata nafasi ya shule ya bweni, jirani akasema lazima nikaangiwe buni, zile punje za kahawa zikiwa na maganda yake. Kwao hiyo ni heshima kubwa. Buni hukaangwa kwa samli mpaka zipasuke, wazee wakaomba dua, bakuli la mti likapita mkono kwa mkono. Unatafuna chache, na samli unapakwa usoni. Hiyo ndiyo baraka yenyewe.

Mimi nilikwenda na sare mpya, shati jeupe pepepe, na kichwa kimenivimba. Jirani akachovya kidole, akanipaka kwenye paji la uso. Tone likaanza kuteremka kuelekea kola. Nikalifuta kwa leso, kisha nikaifuta samli yote, wazee wakiwa bado wanaitikia amina.

“Leo umenivua nguo mbele ya watu,” bibi akaninong'oneza.

“Wacha yeye, mama,” jirani akasema. “Huyu bado mtoto. Mimi nitampa maziwa.”

Nikaletewa kikombe cha maziwa, nami, mjinga, nikafurahi.

Siku hizi boma lile halipo. Mafuriko yaliwahamisha, na njia ya ng'ombe imezibwa na miti ya miiba ya mathenge. Bibi ametutoka, jirani naye pia. Sijui nani hapo anakaanga buni tena.

Mara ya mwisho kukaa nyumbani kwa jirani nilikuwa mwalimu tayari, nimempeleka mtoto wangu wa kwanza aombewe. Bakuli likapita kwa bibi, likapita kwa mume wangu. Lilipofika kwangu, jirani akaliondoa taratibu, akaniwekea kikombe cha maziwa. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, alikumbuka tu nisichokipenda. Nilitaka kumwambia nipake na mimi, lakini aibu ikanifunga mdomo. Akampaka mwanangu samli kwenye paji la uso, na mimi nikanywa maziwa yangu.