Boksi la Bwana Mifugo

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata ya ndoa yangu, mwanangu. Ni siku niliyoliona boksi la Bwana Mifugo mikononi mwa nesi. Imenirudia juzi uliponipigia kutoka Nyakato, ukanisomea yale maneno yanayozunguka kwenye simu zenu kuhusu chanjo ya korona, kwamba ina hiki na inafanya kile, kisha ukaniuliza, "Mama, sasa nichanje au nisichanje?" Nikakuambia nitakujibu nikipata nafasi ya kukaa. Leo nimekaa. Usiniharakishe.

Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo kutoka Mugango, nikaletwa huku upande wa Bunda kwa wafugaji na wakulima wa pamba. Mimi binti wa wavuvi. Nilijua kupara sato na kuanika dagaa, lakini ng'ombe nilikuwa nawaogopa, hata ndama. Wanawake wa hapa walinicheka kwa wema tu, ila kuchekwa ni kuchekwa. Kisimani nilikuwa nikifungua mdomo, wao wanaendelea na hadithi yao kana kwamba amekohoa mtu. Aliyenisikiliza alikuwa mmoja, jirani yetu Nyamisi, mwenye mtoto wa miezi tisa aliyeitwa Mafuru. Ndiye aliyenifundisha kukamua, na hakumwambia mtu yeyote kwamba siku ya kwanza nilikaa upande wa mkia.

Miaka ile ilikuwa ya shida, ninyi hamkuiona. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na kufuli kubwa. Tulifulia majani ya mpapai. Walikuwa ndiyo wameanza kuruhusu mitumba, watu wakaanza kupendeza kidogo, lakini gari la serikali likikosa kipuri lilikuwa linakaa juu ya mawe mpaka kuku wanataga ndani.

Bwana Mifugo alikuwa akija kwa baiskeli kwenye josho letu, kuchanja ng'ombe na kuhasi madume. Alikuwa na koleo kubwa la chuma la kazi hiyo. Dume likibanwa, mlio wake naupata mpaka jikoni, na mimi mtoto wa ziwani naziba masikio. Dawa zake alizibeba kwenye boksi la bluu la kutunzia baridi. Siku moja bawaba ya mfuniko ilikatika mbele yangu, nimepeleka uji wa watu wa joshoni. Nikachana ukanda kwenye kitenge changu chakavu, cha njano chenye ndege weusi, nikamfungia. "Ahsante, mke wa Magesa," akaniambia. Nilifurahi wiki nzima kwa kuwa kuna mtu mkubwa anajua mimi ni mke wa nani.

Basi ikaja kliniki ya watoto. Ilifanyika ndani ya ghala la pamba, kina mama wamekaa juu ya magunia. Ilikuwa imetangazwa chanjo ya surua. Nilimsindikiza Nyamisi, Mafuru nimembeba mimi. Nesi akafika na baiskeli, akafungua mpira wa keria, akashusha boksi lake. La bluu. Limefungwa ukanda wa njano wenye ndege weusi.

"Nyamisi," nikasema, na sikusema kwa kunong'ona. "Lile boksi ni la Bwana Mifugo. Ni lile la kuhasia."

Mwanangu, hapo simama kidogo unitazame. Boksi lilikuwa la Bwana Mifugo kweli. Lakini kuhasi hakuna dawa, kuhasi ni koleo, na koleo halikai kwenye boksi. Nilikuwa najua. Ila wanawake wote waligeuka kunitazama, mara ya kwanza tangu niolewe, na mmoja akauliza, "Umeliona kwa macho yako?"

"Ukanda nimeufunga mimi kwa mikono yangu," nikajibu. Na kwa kuwa walikuwa bado wananitazama, nikaongeza chumvi. "Wanataka kuwachoma watoto dawa ya ng'ombe. Hawatazaa hawa."

Hakuna aliyegombana. Walifunga tu watoto mgongoni, mmoja mmoja, wakatoka. Nesi aliita, "Jamani, kina mama, mbona mnaondoka?" Nilipogeuka mlangoni nilimwona amesimama peke yake na mzani wake. Kesho yake Nyamisi alifunga mzigo akaenda na Mafuru kukaa kwa mama yake mzazi, Butiama. Na mimi kisimani nikapewa jiwe la kukalia.

Zilipita kama wiki mbili. Mtu mmoja akarudi kutoka Musoma mjini na habari kwamba surua imeshika mitaa ya Kigera, na imeonekana njia ya Butiama. Mama mkwe wangu alikuwa anachambua mtama. Akaacha mikono ndani ya ungo.

"We mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita ingawa sikuwa na mtoto bado. "Lile la boksi, ulimuulizaga mwenyewe?"

"Nilifunga ukanda mimi, mama."

"Sijauliza ukanda. Bwana Mifugo ulimuuliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Nesi je?"

Nikaokota punje ya mtama chini, nikairudisha kwenye ungo.

"Mimi nilizaa wawili kabla ya Magesa," akasema, na hilo hakuwa amewahi kuniambia. "Surua ilipita nao wiki moja. Sisi tulikuwaga hatuhesabu mtoto mpaka surua ipite. Ukiulizwa una wangapi, unasema bado. Sasa wewe huna hata mmoja, umewarudisha nyumbani wa wenzako."

Liliniuma lile neno, sikufichi. Ningependa kusema niliumia kwa ajili ya watoto, lakini kwanza niliumia kwa ajili yangu. Yeye hakungoja nimalize kulia. Alijifunga khanga akanishika mkono mpaka joshoni, akanisimamisha mbele ya Bwana Mifugo. "Muulize."

Nikauliza. Yule baba alicheka mpaka akakaa chini. "Dawa ya kuhasi! Ingekuwepo, mimi ningepigwa mateke ya nini miaka yote hii?" Halafu akaeleza. Gari la kliniki lilikuwa limekufa, nesi akapanda lori, boksi lake likadondoka likapasuka. Akaazima baiskeli, akaenda kwa Bwana Mifugo kuomba na boksi. Chanjo ya ng'ombe haikuwepo hata tone miezi ile, boksi lilikuwa linakaa bure. Walilisugua kwa maji ya moto na majivu, kwa sababu sabuni wangeipata wapi. "Na vichupa vyenyewe vimezibwa mpira na bati juu. Boksi ni la baridi tu, mke wa Magesa. Halichanji mtu."

Kisha akaacha kucheka. "Watoto wangapi walirudi siku ile?"

"Wote," nikasema.

Mama mkwe akaniambia, "Basi utakwenda kuyasema haya pale pale uliposema yale."

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano ghalani, nesi akaitwa. Nilisimama. Nikasema boksi nililiona, hilo ni kweli, lakini la kuhasi nililitunga, na la kutozaa nililitunga, na sikumuuliza mtu. Halafu bibi mmoja nyuma akasema, "Haya, mtu wa samaki ametuhasi akili!" Ghala lote likacheka. Tangu siku hiyo naitwa Mama Boksi. Ulikuwa unaniuliza utotoni kwa nini wazee wa hapa wananiita hivyo, nami nakutuma maji. Sasa umejua.

Lakini hawakukubali kirahisi, na hapo ndipo niliwaheshimu. Walimbana nesi. Mmoja akasimama: "Mtoto wa dada yangu mkono uliota jipu baada ya sindano. Hilo nalo ni la boksi?"

"Hilo hutokea," nesi akasema. "Sindano isipochemshwa sawasawa inaleta jipu. Ndiyo maana nitachemshia hapa mbele yenu, anayetaka aje aangalie maji yakitokota."

"Na homa?"

"Wengine watachemka. Siyo leo, ni kama wiki moja mbele, na vipele vichache kifuani. Siku mbili tatu vinaisha. Mtoto akikataa kunyonya, au mkiona inazidi, nileteeni mbio, hata kama ni siku ya kanisa."

Mzee mmoja akauliza la kuzaa, kwa aibu, anatazama magunia. Nesi akamwambia chanjo hii haigusi kabisa upande huo, na kwamba yeye mwenyewe amemchoma mwanawe wa kwanza kwa mkono wake. Hakuficha kitu, wala hakumkaripia aliyeuliza. Mpaka jioni watoto wote waliokuwepo walikuwa wamechanjwa. Mama mkwe alisimama mlangoni anawahesabu kwa sauti wakitoka, na machozi yanamtiririka.

Mmoja alikosekana. Mafuru alikuwa Butiama, kule kule surua ilikoonekana, na aliyempeleka huko ni mdomo wangu.

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilitembea mpaka Bunda, nikaomba lori la pamba, nikakaa juu ya marobota. Njia nzima nilimwambia Mungu kwamba akimwacha huyu mmoja, mimi asinipe wa kwangu, nitaridhika. Ni maneno ya kijinga lakini niliyasema kwa moyo wote. Nikashuka njia panda, nikaenda kwa miguu, nauliza nyumba hadi nyumba kwa mama yake Nyamisi ni wapi.

Nilimkuta uani, Mafuru mapajani. Sikungoja kukaribishwa. Nikamgusa yule mtoto, anachemka. Nikafunua kifua chake, vipele vyekundu. Nikakaa kwenye vumbi nikaanza kulia hata salamu sijatoa.

"We vipi?" Nyamisi akashtuka. "Kuna msiba nyumbani?"

"Ni surua," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuua. Nilitunga, Nyamisi. La boksi nilitunga."

"Surua gani? Huyu kachomwa sindano wiki iliyopita, kliniki ya hapa hapa. Nesi ameniambiaga atachemka."

Nilimtazama. "Si ulikimbia chanjo?"

"Nilikimbia boksi," akasema. "Sindano nani anaikimbia? Nilipofika kliniki ya huku nikamuuliza nesi, hili boksi ni la nani? Akasema la kwao. Basi, nikatoa paja la mtoto."

Mwanangu, nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka mama yake Nyamisi akaniletea maji ya kunawa uso. Hata hivyo tulimpeleka Mafuru kwa yule nesi wa Butiama, kwa sababu moyo wangu ulikuwa haujakubali. Akamtazama macho, akamtazama ndani ya mdomo, akasema ni homa ya chanjo, tumpe maziwa na tumwoshe. Kesho yake asubuhi Mafuru alinimwagia uji wote kwenye khanga, nami sijawahi kufurahia kuchafuliwa namna ile. Surua ilipita kijijini kwetu bila kumchukua mtoto hata mmoja. Na Mungu kumbe hakuyashika yale maneno yangu ya juu ya marobota, maana wewe ulifuata, na ndugu zako.

Sasa jibu lako. Sitakuambia uchanje kwa kuwa mama kasema. Mimi na Nyamisi tuliliona boksi lile lile, tukaogopa kitu kile kile. Yeye alibeba hofu yake akaipeleka kwa anayejua, akauliza swali la maneno matano. Mimi niliibeba yangu nikaigawa kisimani. Kuogopa si kosa, na asiyependa kuulizwa juu ya dawa yake usimpe bega lako. Ila simu haijui kama unanyonyesha, wala haijui ule mwili wako unaoota vipele ukila kamba wa baharini. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari hayo yote, muulize mpaka uridhike, na akikujibu, msikilize kama ulivyozisikiliza hizo simu. Na kama yale maneno ulishawatumia wenzako, usiyafute kimya kimya. Rudi kwa hao hao, useme pale pale. Utachekwa. Mimi nimechekwa maisha yangu yote na bado nipo.

Wiki iliyopita Mafuru alinipakia kwenye pikipiki yake mpaka Bunda mjini. Ana kipara sasa na anajidai kuniambia nishike vizuri. Binti wa chanjo alikuwa tayari na sindano, nami sijafunua bega. Nikamuuliza, "Mwanangu, hili boksi ni la nani?" Akashangaa. Mafuru akacheka mpaka watu kwenye benchi wakageuka. Lakini yule binti alinijibu kwa adabu, akanieleza na ya homa na ya mkono kuuma, na mimi nikamweleza ya presha yangu. Kisha nikafunua bega.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza, mwanangu, na akukutanishe na watu wasiochoka kujibu. Akulindie hao wajukuu zangu wa Nyakato. Na siku ukiulizwa una wangapi, usiseme bado. Uwataje wote kwa majina.