Lundo la Mihogo la Bi Somoe

Wanaosema pwani ya Mtwara haina baridi hawajawahi kuamka Julai kando ya Ruvuma, ukungu umelala juu ya maji na upepo wa kusi ukipenya kwenye kila ufa wa ukuta wa udongo. Bi Somoe aliijua baridi ile kwa viganja vyake. Kila alfajiri, baada ya swala, alijifunga khanga mbili na kuzunguka bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba yake: mchicha kwenye karai bovu, bamia, kunde, mbaazi, na maboga yaliyopanda juu ya ua. Aligusa udongo, akagusa majani, kisha akasema peke yake, "Leo halitoki jua. Mbaazi zitangoja."

Bustani ile aliizungushia mihogo michungu. Nguruwe na nyani hawaigusi.

"Nguruwe ana akili," alikuwa akiniambia. "Asichokula yeye, nawe usikile kwa pupa."

Ilikuwa mwaka 1974, mvua zilikuwa zimekataa, na katika kijiji chetu kipya, si mbali na Mahurunga, watu walikuwa wakila mara moja kwa siku. Mimi nilitoka chuo cha ualimu nikiamini, na bado naamini, kwamba watu wakiunganisha mikono hakuna kinachowashinda. Tuliazimia kuezeka darasa siku moja, Alhamisi, watu sitini kwa pamoja. Watu sitini hawafanyi kazi kwa hotuba. Bi Somoe, mjane asiye na mtoto wa kumsomesha, akasimama mkutanini akasema, "Ng'oeni mihogo yangu."

Tuliing'oa Jumapili. Wanawake wakaimenya, wakaipanga lundo uani kwake na kuifunika kwa majani ya mgomba ivunde. Ndivyo uchungu wa mihogo ile, ambao ndio sumu yake, unavyotolewa: inavunda siku tatu, inaota ukungu mweusi, inakwanguliwa, inaanikwa mpaka ikauke kabisa, ndipo inatwangwa. Siku tatu. Kila mtu anajua ni siku tatu, nami nilihesabu hivyo hivyo.

Jumatano asubuhi manyunyu yalikuwa yakianguka. Bi Somoe aliingiza mkono ndani ya lundo, akautoa, akaunusa.

"Limelala," alisema. "Halijapata moto."

"Siku tatu zimetimia, Bi Somoe."

"Siku tatu za Novemba. Hiki ni kipupwe, mwalimu. Ongeza siku tatu, na jua juu yake."

"Watu wanakuja kesho!"

"Waambie waje Jumatatu."

Damu ilinichemka. Nilimweleza habari za umoja, za nidhamu, za watoto wanaosomea chini ya mkorosho. Alinisikiliza akiwa anachambua kunde. Nilipomaliza akasema taratibu, "Mwaka wa njaa ya utoto wangu, mama alikuwa na haraka kama wewe. Dada yangu Hamisa alikula jioni. Asubuhi tulimzika."

Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu, "Hizo ni hofu za kizamani."

Niliwauliza wanawake. Njaa ndiyo iliyopiga kura. Mwajuma, jirani wa Bi Somoe, mwanamke mwenye nguvu na mcheshi, akasema tutaikata vipande vyembamba na kuikausha juu ya moto. Wakachukua nusu ya lundo. Bi Somoe hakumzuia mtu. Aliifunika nusu iliyobaki, akaongeza majani, akaingia ndani.

Alhamisi kazi ilikwenda kama ngoma. Kufikia saa sita upande mmoja wa paa ulikuwa umekwisha. Kasiani, fundi wetu, alikuwa akipiga kelele huko juu, "Mwajuma! Huo ugali unaupika au unaulea?"

"Shuka uolewe nao!" alijibu Mwajuma, na watu wakacheka.

Kwetu mpishi wa chakula cha wengi hula kwanza, watu wakimwona. Mwajuma alikuwa ameonja tangu saa tatu, sufuria la kwanza, na kwa kuwa hakuwa amekula tangu juzi, aliendelea kuonja mpaka akashiba.

Saa saba watu walinawa, wakakaa kuzunguka masinia. Ndipo Bi Somoe akatokea njiani, kichwani kapu kubwa, mgongoni mzigo wa maboga. Alitua mbele ya Mwajuma bila salamu.

"Umekula saa ngapi?"

"Saa tatu, shoga. Mbona unaniuliza kama askari?"

"Kichwa?"

"Kinagonga kidogo. Moshi tu." Mwajuma akainua mwiko. Mwiko ukamponyoka. Aliinama kuuokota, akapiga magoti, akaanza kutapika, na mikono yake ikawa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

Kasiani alikuwa ameshika tonge, liko karibu na mdomo.

"Weka chini!" Sikujua kama Bi Somoe ana sauti ile. "Wekeni chini wote!"

Akalishika sufuria kwa khanga, akalipindua mchangani. Halafu sinia moja, la pili, la tatu. Watu sitini wenye njaa walimtazama akiufukia ugali kwa miguu yake. Mmoja alinyanyuka na ngumi, Kasiani akamkalisha.

"Mtazame Mwajuma," alimwambia. "Kisha piga."

Tulimbeba Mwajuma juu ya kitanda cha kamba mpaka zahanati, mwendo wa saa moja na nusu, mimi nikishika mguu wa mbele. Alikuwa hasemi. Niliomba dua zote nilizofundishwa madrasa, na zote zilikatikia katikati. Magharibi alifumbua macho, akaomba maji, akauliza kama ugali ulitosha.

Niliporudi nilikuta paa limekwisha. Walikuwa wamekula maboga, kunde, mbaazi mbichi, majani. Kesho yake nikaenda kwa Bi Somoe. Bustani ilikuwa imebaki udongo na ua. Karai la mchicha lilikuwa tupu. Chakula chake cha kipupwe kizima kilikuwa kimeliwa mchana mmoja na watu waliokuwa wamemkatalia.

Nilianza kusema. Alinizuia kwa kiganja.

"Maneno yako mazuri, mwanangu, watoto watayahitaji. Mimi nahitaji mbegu za bamia na mtu wa kuchota maji."

Nilichota siku hiyo, na iliyofuata. Jumapili, jua likiwa limetoka kidogo, aliniita uani, akafunua majani, akaushika mkono wangu na kuuzamisha ndani ya lundo lililobaki mpaka kwenye kiwiko.

Nikauchomoa haraka. Kulikuwa na moto.

"Sasa," alisema Bi Somoe, "niitie wanawake wakwangue."