Ahadi aliyoivunja Dada Nyuzi

Saa tisa alasiri jua bado linachoma mabati ya ukumbi, na ndani watoto wanakimbizana na vinyoya kana kwamba hawajui joto ni kitu gani. Mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni amesimama kando ya binti mdogo aliyeshika raketi yake kama mtu anayekoroga uji.

"Naomba nikushike kiwiko, nikuoneshe," anamwambia.

Binti anafikiri kidogo. "Hapana."

"Haya. Basi nitazame mimi."

Anachukua raketi yake, anarudia pigo lile polepole, tena na tena, mpaka kiwiko cha mtoto kinapanda chenyewe. Kinyoya kinavuka wavu kwa shida na kuangukia upande wa pili. Wote wawili wanacheka, ingawa hakuna aliyepata pointi.

Watoto wanamwita Dada Nyuzi, japo kwa miaka yake arobaini na moja angeweza kuwa mama wa wengi wao. Jina hilo amelipata kwa kazi ya asubuhi. Ni fundi wa kufunga nyuzi za raketi, na karakana yake ni chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, pembeni mwa ukumbi huu. Jioni anageuka kocha msaidizi wa watoto wanaojifunza mpira wa vinyoya, yaani badminton. Juu ya hayo yote ana kazi ya tatu, isiyo na malipo: yeye ndiye mtu ambaye mtoto yeyote wa klabu anatakiwa kumwendea akitendewa vibaya.

Anasema kazi hiyo hakuiomba. "Mwenyekiti aliuliza mkutanoni nani anajitolea, kila mtu akaanza kukagua viatu vyake. Mimi nilikuwa nimechelewa, nimesimama natafuta kiti. Wakasema, si huyo hapo amesimama?"

Walimpeleka kwenye mafunzo, wakapiga picha yake na kuibandika ukutani karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Kabla wiki haijaisha, wajanja wakamchorea masharubu. Aliyaacha. Mtoto anayekuchorea masharubu, anasema, hakuogopi.

Katika mafunzo aliambiwa mtu mzima asijifungie na mtoto, ujumbe wa simu upitie kwa mzazi, na matusi uwanjani yakome, yatoke kwa kocha au kwa baba aliyekaa benchi. Aliambiwa pia kwamba mtoto akitaka kukuambia jambo zito, usimwahidi kutunza siri.

"Hilo niliitikia kwa kichwa kama wenzangu," anasema. "Nikaona ni jepesi. Ndilo la kwanza kunishinda."

Mtoto aliyemshinda alikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzake walimwita Mshale kwa jinsi alivyofika kwenye wavu kabla ya mtu kupepesa macho. Alikuwa ameteuliwa kwenye timu ya vijana wa klabu. Baba yake, fundi wa majokofu, ndiye mzazi aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Feni za ukumbi zilipokufa alizifufua bila kudai hata soda. Kina mama wengine walimtaja kama mfano kwa waume zao.

Siku iliyofuata mechi ambayo Mshale alishindwa, binti huyo aliingia karakana na raketi iliyopinda fremu. Mlango ulikuwa wazi, na wazazi wawili walikuwa wakipiga soga ukumbini. Alisema raketi ilianguka.

Dada Nyuzi ameshika raketi tangu akiwa na umri wa mtoto huyo, na anajua raketi iliyoanguka inaharibika vipi. Kilichomshangaza zaidi ni suruali ndefu nzito ya michezo ambayo binti alikuwa hajaivua kutwa nzima, siku ambayo hata kuta zilikuwa zikitoa jasho.

"Nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?" Mshale aliuliza.

"Simwambii mtu," alijibu Dada Nyuzi.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Binti akapandisha suruali kidogo, akamwonesha shavu la mguu lililovilia damu, halafu akaishusha haraka. Akasema baba humpiga kwa raketi nyumbani kila anaposhindwa mechi. Akasema pia kwamba baba anampenda, ndiye anayeamka mapema na kumpikia chai, na wala si mtu mbaya.

"Usiseme," alirudia. "Uliahidi."

Kuanzia hapo, anasimulia Dada Nyuzi, kichwa chake kilikuwa kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili. Alichemsha chai akasahau majani. Alifunga raketi ya mteja, akaikata nyuzi kwa kuwa alizikaza kupita kiasi, akaifunga tena, akakosea tena.

Alimpigia dada yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, akitumaini atampa jibu moja lililonyooka.

"Mdogo wangu, sisi hatukupigwa?" dada alisema. "Mama alitupiga na tumekuwa watu." Kisha akasema, "Ila mimi mpaka leo mtu akinyanyua mkono ghafla karibu yangu, najikunja. Sijui. Usiniulize mimi."

Akaenda kwa mwenyekiti, karani mstaafu mwenye sauti ya upole. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Tumwite baba mtu tukae naye chini, tulimalize kiungwana," alisema. "Yule bwana ametusaidia sana. Na mashindano ndiyo hayo yamefika."

"Tukimwita leo, mzee, mtoto anarudi na nani nyumbani?"

Mwenyekiti aliivaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Basi fanya ulivyofundishwa. Lakini mimi sijui kama tunafanya vizuri."

"Hata mimi sijui," Dada Nyuzi alimwambia.

Alifundishwa kwamba jambo la namna ile linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, na kwamba klabu haianzi kumhoji mzazi. Lakini aliona hawezi kwenda nyuma ya mgongo wa mtoto. Alimkuta Mshale kwenye ngazi za ukumbi, akifunga kamba za viatu.

"Nilikosea kukuahidi," alimwambia. "Jambo lile siwezi kulinyamazia. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watoto, nakwenda kumwambia."

Mshale aliendelea kufunga kamba. "Uliniambia humwambii mtu."

"Nilikwambia."

"Basi wewe mwongo."

Akainuka, akaingia ndani, akacheza siku ile vizuri kuliko siku zote. Dada Nyuzi alimtazama akiwa amekaa benchi, anasema, bila kujua kama alie au ashangilie.

Afisa alifika nyumbani kwao kesho yake. Ilikubaliwa binti akae kwanza kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, wakati wazazi wakizungumza na wahusika. Klabu nayo ikamzuia baba kuingia ukumbini mpaka shauri lishughulikiwe. Jina la Mshale likaondoka kwenye timu kwa sababu hakuwepo wa kuliitikia.

Baba alikuja hata hivyo. Alisimama kizingitini pa karakana akiwa na begi lake la vifaa.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ndugu yangu, jambo hilo siruhusiwi kulizungumza."

"Nimefanya nini ambacho baba yangu hakunifanyia?"

Dada Nyuzi alikuwa peke yake. Lakini yule bwana hakusogea hata hatua. Aliweka begi chini, akakaa juu yake, akaangalia sakafu. Kisha akaondoka. Feni moja iliharibika mwezi huohuo, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuuliza nani ataitengeneza.

Baba huyo alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa sharti kwamba asitajwe. Ni mtu mwenye aibu, anayechagua maneno kama anayechagua skrubu kwenye kopo. Anasema amehudhuria mazungumzo na mshauri pamoja na mkewe, na kwamba raketi haijainuliwa tena nyumbani kwake.

"Nimeacha, hilo nakuhakikishia," anasema. "Kuelewa bado. Mimi nilidhani namsukuma mbele. Nikimwona anavyonitazama sasa, nachanganyikiwa. Mwaka mzima nilikuwa nikimtazama, kwa nini sikuliona jicho lile?"

Klabuni mambo yaligawanyika. Baadhi ya kina mama walimshika Dada Nyuzi mkono kwa siri. Wengine waliacha kumsalimu. Mzazi mmoja aliwahamisha watoto wake wote, akasema klabu ile siku hizi ukimkaripia mwanao unaitiwa serikali. Wateja wa nyuzi walipungua karibu nusu, na kuna miezi alipokopa kodi ya chumba kwa dada yake.

"Kilichoniuma si hicho," anasema. "Nilikuwa najiuliza, kama nimefanya jambo sahihi, mbona kila mtu amepoteza kitu? Mtoto amepoteza timu, baba amepoteza mtoto, mimi nimepoteza mtoto pia. Nilikuwa nangoja mtu aje aniambie nimefanya vyema. Hakuna aliyekuja."

Alitaka kuacha. Aliandaa maneno ya kumwambia mwenyekiti, akawa anayarudia njiani. Kila alipofika ukumbini alikuta watoto wameshafunga wavu upande upande, akaingia kuunyoosha, na jioni ikapita hivyo.

Mshale alirudi nyumbani kwa wazazi wake muhula uliofuata, na siku chache baadaye akarudi uwanjani, akiletwa na mama yake. Alikuwa amerefuka. Alimsalimu kocha mkuu, akawasalimu wenzake, akampita Dada Nyuzi kama nguzo. Raketi yake ikianza kulegea nyuzi, aliipeleka kufungwa mjini.

Iliendelea hivyo kwa miezi. Dada Nyuzi hakumlazimisha. Alimsalimu kila siku, hata bila kuitikiwa.

Halafu, mwanzoni mwa mwaka huu, Mshale alitokea karakana akiwa amemshika mkono binti wa miaka kumi, mgeni klabuni, ambaye macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Huyu ana jambo," Mshale alisema. "Nimeshamwambia kwamba wewe hutunzi siri. Amesema sawa."

Akamwachia mkono yule binti, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje kumsubiri.

Jambo lenyewe lilikuwa la mchezaji mkubwa aliyekuwa akiwapiga picha wadogo kwa simu wakibadilisha nguo. Siku hiyohiyo wazazi waliitwa, afisa akaarifiwa, na mchezaji yule akaambiwa asikanyage ukumbini wakati shauri likichunguzwa. Mwenyekiti safari hii hakuvua miwani.

"Mpaka leo sijui Mshale alikuwa ananisema au ananisifu," anasema Dada Nyuzi, na uso wake unaonesha kwamba kweli hajui. "Nimelala nalo, nimeamka nalo. Labda vyote."

Muhula ujao anataka klabu ichague mtu wa pili wa kusikiliza watoto, ili asiyempenda yeye awe na pa kwenda. Ameshamwomba mama mmoja, mshonaji wa sare, ambaye bado anafikiria. Anataka pia siku ya kwanza ya mazoezi asimame mbele ya wazazi na watoto pamoja, awaambie kwa mdomo wake kwamba mtoto akiumizwa na akamwambia, yeye atasema.

"Na nitamwomba Mshale asimame karibu yangu," anasema. "Kama hataki, basi. Nitamuuliza kwanza."