Jina la Dativa

Nakumbuka Jumapili moja, miaka michache baada ya vita vya Uganda, nilipotamka jina la binti mmoja mbele ya kanisa zima na kumtenga na meza ya Bwana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwinjilisti mpya, nimetoka chuo cha Biblia majuzi tu. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu nasikia wamekuchagua kuwaongoza vijana wenzako. Watu wanakupongeza. Mimi nimekuja na hili.

Binti huyo aliitwa Dativa. Aliishi na mama yake upande wa Nyakasimbi, katika kibanja, yaani shamba la migomba, cha watu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani; baba alifariki, mama akabaki kupalilia migomba na kuchuma kahawa ya wengine. Dativa aliimba kwaya. Akianzisha wimbo, hata wale wazee wanaosinzia nyuma walifumbua macho.

Basi wanakwaya watatu wakanijia. Wakasema Dativa anatapika mazoezini, tumbo limeanza kuonekana, na hana mume. Sikuuliza zaidi. Nikwambie ukweli, moyoni nilifurahi kidogo. Nilitaka washarika wajue kwamba safari hii wamepata kiongozi mwenye msimamo. Angekuwa binti wa mwenye shamba ningekwenda kwao taratibu, nikakaa, nikanywa uji. Huyu alikuwa mtoto wa kibarua.

Asubuhi ile, kabla ya ibada, mzee wa kanisa mmoja, Mzee Eliakimu, alinivuta pembeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Umefika kwao?"

"Mzee, watu wote wanajua."

"Sikukuuliza watu wanajua nini. Nimekuuliza kama umefika kwao."

Nikamjibu kwamba dhambi haisubiri. Akaenda kuketi. Hata leo sijui kwa nini hakunizuia kwa nguvu. Labda aliogopa elimu yangu.

Nikasoma jina. Dativa alikuwa amesimama na kwaya, amevaa sare. Alifungua mdomo kama anayetaka kuimba, sauti haikutoka. Akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Mama yake akamfuata, huku wanawake wakisogeza miguu ili nguo zao zisimguse. Mimi nikahubiri juu ya usafi wa moyo. Walisema nimehubiri vizuri sana.

Miezi ikapita. Mtoto hakuzaliwa. Wenye midomo wakasema ametoa mimba, nami nikanyamaza. Kumbe wakati huo wote Dativa alikuwa amejifungia ndani, hataki hata kufika zahanati, kwa sababu kwenye foleni wote wangemtazama tumbo. Alipozidiwa, majirani wawili walimbeba kwa machela hadi hospitali. Daktari akasema ni uvimbe, umekaa tumboni siku nyingi, na kwamba wangemleta mapema pengine angemsaidia. Siku ya tatu akafa. Alikuwa hajawahi kulala na mwanamume.

Nilikwenda mazishini nimevaa kanzu, nimeshika kitabu cha ibada. Walikuwa wamemchimbia kaburi mwisho wa kibanja kile, mahali mwenye shamba alipowaonyesha. Mama yake alinisogelea, akaniwekea mkono kifuani. Hakupaza sauti.

"Mwinjilisti, siku ile ulilisoma jina lake bila kuniuliza. Leo nakuomba usilisome."

Nikarudi nyuma. Mzee Eliakimu alivua kofia yake, akaomba yeye, kwa Kinyambo, maneno machache. Mimi nilisimama kwenye migomba kama mgeni.

Jumapili iliyofuata nilikiri kanisani kwamba nimemkosea Dativa na mama yake. Wale watatu walitazama chini, kisha wimbo ukaanza. Hakuna aliyeniondoa kazini. Unajua walichofanya? Mwaka uliofuata wakaniongezea majukumu, wakasema kijana huyu ni mnyenyekevu.

Kwa mama yake nilikwenda mara nne. Alinipa kigoda, nikaketi, naye akaendelea kumenya ndizi. Mara ya nne nikapiga magoti, nikasema, "Mama, nisamehe."

Akasema, "Mungu wako nadhani amekusamehe. Mimi bado." Baadaye akahama, na aliyenionyesha njia aliyopita hakujua alikokwenda. Sikupata kumwona tena.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: usimhukumu mtu ambaye hujaketi nyumbani kwake. Wakikuletea habari ya mwenzako, waulize kama wao wenyewe wamemwuliza, kisha funga safari uende, hata kama ni kwa kibarua, na hasa kama ni kwa kibarua. Ukijikuta unafurahia kumkemea mtu, funga mdomo. Furaha hiyo haitoki kwa Kristo. Mkubwa akikuzuia, simama kwanza umsikilize, hata kama hakusoma. Na usidhani kutubu kunarudisha kila kitu. Mimi nilitubu, na binti yule bado yuko udongoni.

Bwana akupe miguu ya kufika kwa watu kabla ya ulimi wa kuwasema. Akulinde na sifa zao. Na ukikosea, maana utakosea, akujalie uwakute wangali hai.